Barua Iliyopoteza Chanjo

Wiki iliyopita tulimwacha Honorine amepiga magoti chumbani kwa baba yake, sanduku la bati liko wazi, barua namba kumi na saba mkononi, uso umemsawajika. Wengi mmeniandikia kuuliza aliona nini. Jibu ni kwamba hakuona kitu, na hicho ndicho kilichomtia kiwewe.

Barua haikuwa na matundu.

Aliyetukuta njiani leo asibabaike. Ndani ya sanduku lile kuna barua arobaini na moja zilizovuka bahari ya Atlantiki karibu miaka mia mbili iliyopita, kati ya Nouvelle-Orléans kule Amerika na bandari ya Le Havre nchini Ufaransa. Ziliandikwa na ndugu wawili wauza pamba. Kilembwe wao, Padri Norbert, alikuja nazo Uvira, akazeeka nazo, akamfundisha karani mmoja wa posta kusoma alama zake: mihuri ya bandari, majina ya meli, tarakimu za kalamu. Mwaka 1989, alipokuwa anarudi kwao, akamwachia karani huyo azitunze mpaka mtu wa ukoo atakapozifuata.

Karani huyo ni Mzee Gratien, baba yake Honorine. Leo ana miaka sabini na minane, moyo wake hauna nguvu, na maishani mwake anajisifia jambo moja tu. Alikaa posta miaka thelathini na mmoja na hakuna barua iliyowahi kupotea mikononi mwake. Honorine na mdogo wake Merdi wamekula kauli hiyo kuliko walivyokula ugali.

Na mtu wa ukoo anakuja leo, saa kumi alasiri.

Sasa mnaelewa kiwewe kile. Namba kumi na saba ndiyo roho ya mkusanyo wote. Iliandikwa mwishoni mwa mwaka 1832, kipindupindu kilipokuwa kinavuka bahari pamoja na abiria. Ilipofika Le Havre, watu wa karantini waliipasua kwa patasi mara mbili, mipasuo ya urefu wa kucha, wakaifukiza moshi wa siki na klori ili ugonjwa utoke ndani bila barua kufunguliwa. Mzee Gratien aliiita mipasuo hiyo chanjo. Mihuri utaipata kwingine, alikuwa akiwaambia wanawe, lakini barua iliyochanjwa hivi mtazunguka dunia nzima mkiitafuta.

Nadhani ni barua hiyo iliyomfanya Honorine awe muuguzi wa kituo cha kipindupindu, pale ambapo mikono yake hunuka klori mwaka mzima. Yeye mwenyewe hukataa. Husema ni ajira tu iliyopatikana.

Aliisogeza barua dirishani. Jina la meli lilikuwepo, pembeni kushoto. Muhuri mwekundu wa bandari ulikuwepo. Tarakimu ya wino mweusi, ile ya kumjulisha mpokeaji kwamba malipo yanamsubiri yeye, ilikuwepo na mkia wake uleule uliopinda. Hata namba ya penseli, mwandiko wa padri, ilikuwepo. Chanjo ndizo zilizokuwa hazipo.

Mwizi gani huyu, alijiuliza, anayejua kuiga mkia wa tarakimu halafu akasahau mipasuo ambayo hata kipofu angeipapasa akaijua? Alifikiri, jibu likamjia, na halikumpendeza hata kidogo. Hakuna aliyesahau. Iliyofanya kazi hii ni mashine. Mashine huiga wino, haipasui karatasi.

Ufunguo wa sanduku hutundikwa nyuma ya picha ya marehemu mama yao. Wanaojua hilo ni watatu: baba, Honorine, na Merdi. Na kati ya hao watatu, mwenye duka la fotokopi na mashine ya kuchapa rangi ni mmoja.

Merdi, mtoto wa mama yake. Honorine ndiye aliyembeba mgongoni.

Aliitia barua kwenye mkoba wake wa kazi, akarudisha sanduku mahali pake. Ukumbini baba yake alikuwa na fulana, anajinyoa mbele ya kioo kidogo huku redio ikisoma habari. Kwenye mkeka, dada wa mzee, shangazi yao tantine Bernardine, fundi cherehani aliyetoka Luvungi wiki mbili zilizopita kuja kusaidia maandalizi, alikuwa anamalizia kushona koti la zamani la posta. Mzee alikuwa ameapa kwamba atazikabidhi barua akiwa amevaa koti lile na si jingine.

Mzee akauliza kama barua ziko sawa. Honorine akamjibu kwamba ziko sawa, papa. Kisha akatoka haraka kabla mzee hajageuka, kwa sababu hajawahi kuwa hodari wa kumdanganya.

* * *

Duka la Merdi liko kwenye barabara ya Kalundu. Limehamishwa mara mbili tangu ziwa lilipopanda na kuanza kuingia milangoni mwa watu. Pikipiki ilimshusha Honorine pale saa sita na nusu, jua la utosi, na ndani kulikuwa na wateja wanne wanaosubiri.

Mtu mwenye busara angesubiri waondoke. Honorine siku zote ana busara, mnamjua, lakini siku ile aliona vitu viwili kwa mpigo na busara ikamruka.

Kwanza, juu ya kamba ya nguo nyuma ya mashine, karatasi kama kumi hivi zilikuwa zimeanikwa, zote rangi ya kahawia, zote zikinuka chai. Anayetaka kuzeesha karatasi huiloweka kwenye chai. Hilo alifundishwa na baba yake akiwa na miaka tisa.

Pili, kwenye meza ya Merdi palikuwa na kadi ya Toussaint.

Toussaint mnamkumbuka. Ni yule mnunuzi kutoka Bujumbura mwenye viatu vinavyong'aa, aliyekuja mara mbili mwezi uliopita kuomba auziwe namba kumi na saba, na mara mbili Mzee Gratien akamfungulia mlango wa kutokea.

"Yaya, kuna nini?" Merdi alimuuliza dada yake. "Papa iko muzima?"

"Papa iko muzima. Barua yake njo haiko. Uliuzisha Toussaint?"

Mashine ilikuwa inaendelea kutoa karatasi. Merdi akaizima. Wateja wakawa ghafla wanasoma simu zao kwa bidii kubwa, kama watu wasio na masikio.

"Weye uko naniita mwizi mbele ya bantu?"

"Niko nakuuliza. Hizi karatasi za chai ni za nini?"

Merdi alinyoosha mkono. Alichomoa moja kwenye kamba, akaigeuza, akamwekea chini ya pua. Ilikuwa kadi ya mwaliko wa arusi. Délice, binti wa jirani yao, alitaka kadi zake zifanane na barua za wafalme, na Merdi ndiye aliyepewa kazi. Jina la bwana arusi lilikuwa pale, na tarehe, na ukumbi.

Honorine aliisoma, lakini mtu akishaanza kushuka mteremko wa namna hii hasimami katikati. Akaonyesha ile kadi ya mnunuzi mezani. Akamwambia asikatae kwamba Toussaint alifika hapa.

"Alifika," Merdi alisema. "Hakutaka kopi. Aliniuliza kintu kimoja, mara tatu. Kama kweli barua ziko arobaini na moja tu. Nikamuambia ndiyo. Akacheka, akaenda."

Msomaji, swali hilo la Toussaint liweke mfukoni. Honorine hakuliweka. Alikuwa na hasira, na mwenye hasira huokota maneno anayoyataka tu. Aliitoa barua kwenye mkoba akaibwaga mezani, akamwambia aeleze chanjo zimeenda wapi.

Merdi aliivuta karibu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini, na Honorine angependa zaidi kama angepiga kelele.

"Minye ni muntu wa mashine, yaya. Mashine ikikuta tundu, inaweka mustari mweusi. Kama hii ni kopi yangu, mustari iko wapi?"

Merdi akafungua kifuniko cha mashine, akailaza barua juu ya kioo, akawasha taa ya ndani. Mwanga mweupe ukapita chini ya karatasi polepole, toka ukingo hadi ukingo, na pale mwanga ulipopita, barua ikasema yenyewe. Pale pale chanjo zilipokuwa, palitokea vipande viwili vya giza, vyembamba, ubavu kwa ubavu.

"Haikubadilishwa," Merdi alisema. "Ilizibwa."

Honorine akainama, akainusa. Chini ya harufu ya vumbi la zamani palikuwa na harufu nyingine anayoijua tangu utoto, nyepesi, chachu kidogo. Ilikuwa amido ya muhogo, ule uji mzito wa kutia nguo ugumu. Na nyumbani kwao kuna mtu mmoja tu anayepika amido.

Barua ilikuwa ile ile. Hakuna aliyeiba. Furaha ilimpanda mpaka kooni, akainua uso kumwambia mdogo wake, na hapo akakuta uso wa Merdi umefungwa kama duka la Jumapili. Aibu ikamshika. Aliomba radhi, akaomba tena, mbele ya wale wale wateja, na kila neno lilianguka chini kabla ya kufika upande wa pili wa meza.

Merdi aliitia barua kwenye plastiki safi, akamrudishia kwa mikono miwili, kama anavyomrudishia mteja.

"Rudi kwa papa," alisema. "Saa kumi minye sitakuja."

* * *

Tantine Bernardine alikuwa uani anachambua mboga. Alipoulizwa hakukana hata kwa dakika moja. Alijisifu.

Alieleza kwamba juzi kaka yake alizitandaza barua kitandani zipigwe hewa, kama afanyavyo kila kiangazi, na usingizi ukamchukua. Yeye Bernardine akapita na ufagio, akaona moja imetoboka pabaya. Akajua kaka yake haoni vizuri tena, hajagundua, na atakuja kuaibika mbele ya mgeni. Wakati mzee anakoroma, akaikarabati, akairudisha mahali pake bila kusema.

"Kintu cha mwenyewe kinarudishwa kizima," alisema. "Muzungu atakuta barua imepasuka, atasema nini? Atasema tuliacha panya bakakula vintu vya bantu. Nikabandika kwa ndani, karatasi ya rangi moja nayo. Uliona kazi? Haionekane."

Haikuonekana, kweli. Miaka hamsini ya kutia viraka suruali za watu wa uwanda wa Ruzizi ilikuwa imeingia katika barua ile. Honorine alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamkumbatia shangazi yake, na wakati huo huo moyo ulikuwa unamuuma kwa Merdi. Alimweleza kwa upole kwamba matundu yale ni ya tangu mwaka 1832, kwamba ndiyo mgeni anayoyafuata. Bernardine alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuwa kuna wanaonunua sufuria kwa sababu zimetoboka. Lakini alileta birika.

Mvuke ukafanya kazi yake. Honorine aliishika barua mbali na maji, akasubiri, akasogeza ukucha. Amido ililainika. Kiraka cha kwanza kilibanduka kizima, kisha cha pili, na chanjo zikafumbuka mahali pake, mbili, safi, kama siku ile alipoonyeshwa mara ya kwanza. Saa ilikuwa tisa kasoro robo. Angeweza kuirudisha sandukuni, baba yake asijue lolote, kisha akatafute namna ya kumrudisha mdogo wake.

Angeweza. Ila alivitazama viraka kabla ya kuvitupa.

Vilikuwa viganjani mwake, vyembamba, vya rangi ya asali. Karatasi nzito ya pamba, ya kale, isiyotengenezwa tena. Na ukingoni mwa kimoja palikuwa na upinde mdogo wa wino mwekundu. Honorine amekua na upinde ule. Ni kipande cha muhuri wa bandari ya Le Havre.

Aliuliza, taratibu, kama anavyomuuliza mgonjwa amekunywa maji ya wapi.

"Tantine, hii karatasi ulikata kwa barua gani?"

"Siyo kwa barua," Bernardine alisema. "Kwa kola."

Alieleza huku akiendelea na mboga zake. Kola ya koti la posta ilikuwa imelegea, akaifumua ili aitie ugumu upya. Ndani akakuta karatasi ya zamani imekunjwa kwa urefu. Hakushangaa. Mafundi wa zamani waliweka karatasi ndani ya kola ili isimame, hata mwalimu wake aliyemfundisha cherehani kule Luvungi alifanya hivyo. Ameitoa, ameweka kipande cha katoni ya sabuni, kola imesimama kuliko mwanzo. Na kwa kuwa karatasi ile ilikuwa rangi moja na barua, akaona amepata kiraka cha bure. Iliyobaki ameihifadhi kwenye kopo la vifungo.

Honorine alilifungua kopo mwenyewe.

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne kwa urefu, kingo zimekatwa kidogo kwa mkasi wa tantine. Aliikunjua juu ya goti. Jina la meli, pembeni kushoto. Muhuri mwekundu, sasa umeliwa ubavu mmoja. Anwani ya yule yule muuza pamba wa Le Havre. Na kwenye kona, kwa penseli, kwa mwandiko wa Padri Norbert, namba.

Arobaini na mbili.

Mnalikumbuka swali la Toussaint? Honorine naye alilikumbuka, palepale.

Alijaribu kumtetea baba yake. Labda padri alimpa zawadi. Labda mzee alisahau. Kisha akafanya alichofundishwa na baba huyo huyo tangu mdogo: barua usiihukumu kwa uso wake, igeuze, mwisho wa safari umeandikwa mgongoni.

Akaigeuza.

Mgongoni palikuwa na maandishi mengine, ya kalamu ya bluu, ya juzi tu ukilinganisha na yale ya mbele. Padri alikuwa ameichukua barua ya mababu zake, akaandika anwani mpya ya dada yake huko Ufaransa, akabandika stempu mbili za Zaïre, akaitia posta kama barua ya kawaida. Mchezo wa wakusanyaji, wanaupenda. Alitaka barua ile ivuke bahari mara ya pili, ifike kwa dada yake ikiwa na mihuri ya karne mbili.

Juu ya stempu muhuri wa duara ulikuwa umepigwa vizuri, katikati kabisa, kazi ya mtu anayeipenda kazi yake. UVIRA. Tarehe 14 mwezi wa sita, 1989.

Honorine alitafuta muhuri wa pili, ule wa kufika. Alitafuta mara mbili, akaiinua kwenye jua. Wa kuondoka upo, wa kufika haupo. Barua ilipokelewa dirishani, ikagongwa muhuri, na haikuingia kwenye gunia.

Mwaka ule Honorine alikuwa na miaka minane. Alikuwa akipeleka chakula posta kila mchana, na anakumbuka vizuri nani alikaa dirishani na nani alishika muhuri ule. Hapakuwa na karani mwingine.

Honi ikalia nje ya geti.

* * *

Mgeni aliwahi. Mpakani Kavimvira hapakuwa na foleni, na gari la parokia lilimleta moja kwa moja. Honorine alipata nafasi ya kufanya mambo mawili tu: kurudisha namba kumi na saba sandukuni, na kuizamisha namba arobaini na mbili chini ya glavu katika mkoba wake wa kazi. Kwa nini aliificha, hakujua. Mkono ulitangulia.

Madame Agnès, mjukuu wa dada yake padri, alikuwa mama wa miaka sitini hivi, nywele fupi za mvi, lenzi ndogo inaning'inia shingoni kwa uzi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimsalimu Mzee Gratien kwa mikono yote miwili, akamwambia kwa Kifaransa kwamba nyumbani kwao jina lake linajulikana kuliko la jirani yao. Mzee akanyooka ndani ya koti lake la posta, na kola ikamsimamia kidevuni kama ya bwana arusi.

Alikuwa mzuri siku ile, Mzee Gratien. Honorine alimtazama na hakutaka kujua alichokijua.

Barua zilitolewa moja moja. Agnès aliisoma mihuri kwa lenzi, akataja meli, mzee akataja bandari, wakaelewana kama watu waliokuwa darasa moja. Alipofika namba kumi na saba aliweka lenzi chini. Alipitisha ncha ya kidole juu ya chanjo ya kwanza, kisha ya pili, akavua miwani akafuta macho. Tantine Bernardine, pembeni, akatikisa kichwa kwa huruma, kwa kuwa hata sasa aliona ni aibu tupu.

Arobaini. Arobaini na moja. Agnès akafunga daftari lake.

Hapo ndipo alipouliza, na aliuliza kwa adabu, karibu kwa kuona haya. Alisema Padri Norbert aliandika kwamba arobaini na moja amemwachia Monsieur Gratien, na moja ameitia posta yeye mwenyewe hapa Uvira, kwa dada yake, wiki moja kabla ya kuondoka. Haikufika. Bibi yake aliingojea mpaka alipokufa. Kila asubuhi alitoka mpaka getini kabla ya tarishi. Agnès hakuja kulaumu mtu, alisema. Alitaka tu kuuliza, kwa kuwa aliyekuwa dirishani wakati ule yupo mbele yake, kama huenda anakumbuka.

Mlango wa ua ukafunguliwa. Merdi akaingia, shati safi, akasimama ukutani bila kumtazama dada yake. Alisema hatakuja, na alikuja. Kwa ajili ya baba.

Mzee Gratien hakupepesa macho. Alijibu kwa Kifaransa chake cha posta, neno baada ya neno, mbele ya wanawe wote wawili.

"Madame, miaka thelathini na mmoja. Mikononi mwangu hakuna barua iliyopotea."

Mkoba wa Honorine ulikuwa mapajani. Aliushika kwa nguvu mpaka kucha zikamuuma.

Na alipokuwa anasema maneno hayo, mkono wa kulia wa mzee ulipanda polepole mpaka kwenye kola. Ulikuwa mkono wa mazoea. Ulikuwa umepanda hivyo maelfu ya mara. Vidole vikabonyeza nyuma ya shingo. Vikasimama. Vikabonyeza tena, kushoto, kulia, vikitafuta kitu laini na kukutana na katoni.

Tantine Bernardine hajui Kifaransa. Alichokiona yeye ni kaka yake anasumbuliwa na kola, na akaona ni kazi ya fundi kumtuliza.

"Usiogope, Gratien," alisema. "Itazoea. Nilibadilisha karatasi ya ndani. Ile ya zamani Honorine njo iko nayo."

Agnès aliuliza kwa Kifaransa mama huyu amesema nini. Hakuna aliyemtafsiria. Merdi alimtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu aingie, kisha akautazama mkoba.

Mzee Gratien hakumtazama mgeni, wala dada yake. Mkono ukiwa bado kwenye kola, alimtazama Honorine, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Honorine aliona kwamba baba yake anamwogopa.